Namna ya kutathmini programu ya kuwasaidia wake na waume wanaowauguza wenzi wenye dimenshia: mwongozo kamili

Ripoti nyingi za programu hizi zinafanana: idadi ya waliohudhuria, idadi ya waliosema wameridhika, na picha ya pamoja mbele ya bango. Mfadhili anauliza swali moja tu, "Je, imewasaidia?", na hakuna mwenye jibu. Kosa huwa limefanyika kabla ya kikao cha kwanza, na mwisho wa mradi hakuna namna ya kulirekebisha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya shirika dogo, kliniki ya wazee, kanisa au msikiti unaoendesha vikao vya wenzi 15 hadi 60 wanaouguza wagonjwa wa dimenshia, yaani hali ya ubongo inayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Huhitaji bingwa wa takwimu. Unahitaji kuheshimu tarehe, na kuwa na watu wawili au watatu wanaojua kuhoji bila haraka.

Tunawazungumzia wenzi peke yao kwa makusudi. Mke au mume anayeuguza kwa kawaida naye ni mzee, ana presha au sukari yake, analala chumba kimoja na mgonjwa na hana wa kumpokea zamu. Binti anayekuja Jumamosi na kuondoka jioni ana taabu ya namna nyingine. Ukiwachanganya, wastani unaficha kilichotokea. Utafiti wa REACH II, wa programu ya kuwasaidia wanaouguza wagonjwa wa dimenshia, uliofanyika katika miji mitano ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2006, ulihusisha watunzaji 642. Kwa familia za Wamarekani weusi, nafuu ya wazi ilionekana kwa wenzi tu. Kama watafiti wasingewatenganisha wenzi na watoto, nafuu hiyo isingeonekana.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Dodoso la Zarit la kupima mzigo wa utunzaji. Toleo refu lina maswali 22, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 0 hadi 88. Toleo fupi lina maswali 12, jumla 0 hadi 48. Chagua moja na ubaki nalo hadi mwisho. Lina hakimiliki, kwa hiyo omba kibali kabla ya kurudufu nakala.
- PHQ-9, dodoso la kupima sonona (huzuni nzito isiyoisha): maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. Hutumika bure, na tafsiri yake ya Kiswahili imeshatumika Kenya na Tanzania. Alama 10 na zaidi ni dalili kwamba mtu apelekwe akaonwe na mhudumu wa afya.
- Orodha ya Katz ya shughuli sita za mgonjwa: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Hii inakuonyesha ugonjwa umefika wapi.
- Ukurasa mmoja wa maswali yenu wenyewe: usiku wa jana uliamka mara ngapi, wiki hii ulitoka nyumbani bila mgonjwa kwa saa ngapi, miezi mitatu iliyopita ulikosa kliniki yako mwenyewe mara ngapi.
- Kaunta buku mbili. Moja ina majina na namba za siri, nyingine mahudhurio. Zisikae kabati moja. Madodoso yaandikwe namba ya siri tu.
- Fedha za nauli, za salio la simu, na za kumlipa mtu wa kubaki na mgonjwa wakati mwenzi anahojiwa. Wengi husahau hiyo ya tatu, na ndiyo inayoamua nani atapatikana.
- Jina na namba ya simu ya mhudumu wa afya aliyekubali kupokea rufaa, kabla hujamhoji mtu yeyote.

Kuhusu vibali: kama matokeo yatachapishwa kama utafiti, Tanzania Bara utahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na Kenya kibali cha kamati ya maadili pamoja na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia). Hata kama ni tathmini ya ndani, unashika taarifa za afya za watu. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zinakuhusu.

## Hatua ya 1: Andika swali moja

Kabla ya kugusa dodoso, jaza sentensi hii: *Programu inatakiwa kubadilisha ____ kwa mwenzi anayeuguza, kufikia mwezi wa ____, ikilinganishwa na ____.* Chagua kipimo kimoja kikuu na viwili vya kusindikiza. Ukipima vitu kumi, kimoja kitapanda kwa bahati tu, nawe utajikuta unakipamba.

Usichague kumbukumbu za mgonjwa. Vikao vya mke haviponyi ubongo wa mume.

Angalia pia kama kipimo kinaweza kutokea mahali mlipo. Programu ya Chuo Kikuu cha New York, iliyoanza mwaka 1987, ni miongoni mwa zinazotajwa zaidi duniani: wenzi 406, vikao sita vya ushauri vya mtu binafsi na familia, kikundi cha kusaidiana, na mshauri wa kupigiwa simu. Ushahidi wake mkubwa ni kwamba wagonjwa walichelewa kupelekwa makao ya wazee kwa siku 557 katika hesabu ya kati. Kwa New York kipimo hicho kina maana. Moshi au Kisii, ambako mzee hufia nyumbani kwake au kwa mwanawe, hakuna cha kuhesabu. Tumia usingizi, mzigo, kliniki zilizokosekana.

*Umefaulu ikiwa* sentensi hiyo imeandikwa, ina tarehe, na kila mjumbe wa timu ameisaini kabla ya usajili.

## Hatua ya 2: Amua nani anahesabiwa

Masharti yanayofaa kwa programu nyingi: ni mke au mume, analala nyumba moja na mgonjwa, na anamhudumia si chini ya saa nne kwa siku kwa miezi sita iliyopita.

Kisha shughulikia mambo ambayo madodoso ya ng'ambo hayakuyafikiria. Kwenye ndoa ya wake wawili, msajili yule anayefanya kazi ya usiku. Wakipokezana, wasajili wote na uandike kwamba ni wa nyumba moja. Mke aliyetengana akarudishwa na watoto kuja kuuguza andikwe hivyo, kwa kuwa hisia zake kwa mgonjwa ni tofauti. Orodhesha pia msaada mwingine nyumbani: mkwe, mjukuu, dada wa kazi. Dada wa kazi akiondoka katikati ya programu, alama za mzigo zitapanda, na kama hukuandika utailaumu programu.

Hakikisha mgonjwa ameonwa na mhudumu wa afya. Kuchanganyikiwa kwa mzee kunaweza kutokana na maambukizi, sonona, upungufu wa homoni za tezi ya shingo au dawa anazotumia, na baadhi ya hayo hutibika. Mgonjwa akipona kwa dawa ya maambukizi, mwenzi atapumua, na programu itapewa sifa isiyo yake.

## Hatua ya 3: Lijaribu dodoso kabla ya kulitumia

Tafuta wenzi watano au sita ambao hawatakuwa kwenye programu. Wasomee kila swali, kisha waulize: "Umeelewa nimeuliza nini?" Usiwaulize kama wameelewa, kwa sababu watasema ndiyo.

Mambo matatu huharibika hapa.

Kwanza, mama aliyeolewa miaka 40 akiulizwa kama mumewe amekuwa mzigo, atakataa, hata kama hajalala wiki nzima. Kukubali ni kumtia aibu baba wa watoto wake. Maneno ya swali yazungumzie kazi na uchovu wake yeye, bila kumtia mgonjwa hatiani, lakini maana ya swali la asili isipotee. Tafsiri irudishwe katika lugha ya asili na mtu mwingine ambaye hajaliona dodoso la mwanzo, kisha mlinganishe.

Pili, ngazi tano za majibu. Kwa mzee anayesikiliza kwa masikio, "mara chache" na "wakati mwingine" ni kitu kimoja. Chora kadi yenye glasi tano, kuanzia tupu hadi iliyojaa, naye aoneshe kwa kidole.

Tatu, waume. Wengi wao hujibu maswali ya hisia kwa neno moja, "kawaida". Maswali ya vitendo ndiyo huwafungua: nani anamwosha mama, nani anapika, mara ya mwisho kwenda msikitini au kwenye kikao cha ukoo ilikuwa lini. Ndiyo maana ule ukurasa wenu hauwezi kuachwa.

## Hatua ya 4: Chukua kipimo cha mwanzo

Kifanyike ndani ya wiki mbili kabla ya kikao cha kwanza, kwa dakika 45 hadi 60, mahali ambapo mgonjwa na watoto hawasikii. Anayehoji asiwe mwezeshaji wa vikao. Watu wetu wana adabu. Hawatamwambia usoni aliyewapa chai na nauli kwamba hakuwasaidia.

Anza na maswali ya vitendo, kisha Zarit, kisha PHQ-9, na umalizie na jambo jepesi ili mtu asirudi nyumbani na donge kooni.

Onyo kuhusu swali la 9 la PHQ-9, linalouliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote zaidi ya sifuri linasimamisha mahojiano. Muulize waziwazi kama ana mpango na kama ana njia ya kuutekeleza, usimwache peke yake, na umpigie mhudumu wa rufaa siku hiyo hiyo. Fanya vivyo hivyo ukigundua kipigo, kwa upande wowote. Wapo wake wanaopigwa na waume wagonjwa, na wapo wagonjwa wanaofungiwa ndani au kufungwa kamba. Mdadisi asiyejua la kufanya mbele ya majibu haya hajawa tayari kwenda kazini.

*Umefaulu ikiwa* kila aliyesajiliwa ana madodoso kamili kabla ya kuhudhuria chochote. Aliyechelewa asihojiwe baada ya kikao cha pili ukamwita "wa mwanzo".

## Hatua ya 5: Pata kundi la kulinganisha

Wengi huiruka hatua hii, na bila hiyo matokeo mengine hayasomeki.

Dimenshia haisimami. Mwenzi mwenye alama 45 leo anaweza kufika 52 baada ya miezi sita kwa sababu mgonjwa ameacha kujizuia haja. Programu nzuri inaweza kumwacha palepale kwenye 45, na huo ni ushindi ambao kipimo cha kabla na baada hakiuoni. Na kinyume chake hutokea: watu hujiunga wakiwa wamefika pabaya kabisa, mgonjwa amepotea juzi au amemfukuza mke usiku. Wiki chache baadaye mambo hutulia yenyewe, alama zinashuka, na programu isiyofanya lolote inaonekana imetenda.

Njia ya haki zaidi ni kura na kusubiri. Tuseme una wenzi 40:

1. Maliza kwanza vipimo vya mwanzo vya wote 40.
2. Wagawe wake na waume, upige kura kila upande peke yake, ili waume wachache wasiangukie kundi moja.
3. Kunja vikaratasi sawa, nusu "sasa" na nusu "baadaye", kila mtu achukue chake mbele ya wenzake.
4. Wa "sasa" waanze. Wa "baadaye" waanze baada ya miezi minne, wakiendelea kupata huduma zao zote za kawaida.
5. Makundi yote mawili yapimwe wiki zile zile.

Watu wa nyumba moja wachukue karatasi moja. Majirani wa ukuta kwa ukuta pia, kwa sababu atakachojifunza mmoja jioni kitakuwa kwa mwenzake asubuhi.

Kama kura haiwezekani, linganisha na kata nyingine yenye wenzi wa hali inayofanana. Kama hata hilo halipo, pima mara mbili kabla ya kuanza, kwa tofauti ya wiki nne hadi sita, ujue alama zinasogea kiasi gani bila programu. Hii ni dhaifu, lakini inashinda kipimo kimoja.

Kuhusu idadi. Ili kuona tofauti ya ukubwa wa kati, yaani nusu ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika), kwa uwezekano wa asilimia 80 wa kuigundua, unahitaji watu 64 kila kundi. Ukitarajia kumpoteza mmoja kati ya wanne, sajili 86 kila kundi. Kikundi cha 40 hakifiki huko, na si aibu. Kinabadilisha tu kile unachoruhusiwa kusema: toa tofauti na masafa yake, yaani namba ya chini na ya juu ambamo tofauti ya kweli huenda imo, usitangaze "imethibitika".

## Hatua ya 6: Andika kilichofanyika kweli

Kila kikao kiwe na orodha ya mambo ambayo mwezeshaji alipaswa kufundisha, yawekewe alama papo hapo. Mtu wa nje akae kimya nyuma katika kikao kimoja kati ya kila vitano. Mara nyingi atakuta kikao cha "kukabiliana na usiku" kimekuwa maombi na pole kwa saa nzima. Pole ina thamani yake, ila si mafunzo, na ripoti isiite hivyo.

Asiyekuja apigiwe simu siku hiyo, sababu iandikwe: hakuna wa kubaki na mgonjwa, nauli, msiba, mvua, mwenzi mwenyewe mgonjwa, hakuona faida. Usiandike "udhuru" ukaishia hapo.

Wanaoacha hawafanani na wanaobaki. Mwenye mgonjwa anayetangatanga hawezi kutoka nyumbani, kwa hiyo ndiye anayeacha kwanza. Waliobaki wana mzigo mwepesi, na wastani wa mwisho unashuka bila mtu yeyote kupata nafuu.

## Hatua ya 7: Pima tena, hata walioacha

Pima programu inapoisha, kisha miezi sita baadaye. Aliyeacha vikao bado anahojiwa: simu tatu kwa nyakati tofauti za siku, kisha ziara moja ya heshima nyumbani. Epuka mwezi wa Ramadhani na majira ya mavuno kwa kipimo kimoja ikiwa kingine hakikuangukia hapo.

Mgonjwa akifariki, usimpe mfiwa dodoso la mzigo. Ukimhesabia sifuri, kila kifo kitaifanya programu ionekane bora. Mtoe kwenye hesabu ya mzigo, sema hivyo kwenye ripoti, na endelea kumfuatilia kwa PHQ-9 akikubali. Mjane wa Kiislamu aliye katika eda hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Usimwite kituoni: mdadisi wa kike amtembelee kwa ruhusa yake, au asubiriwe.

Mgonjwa aliyehamishiwa kwa mtoto mjini naye atenganishwe. Mzigo umeshuka kwa sababu ya basi.

## Hatua ya 8: Piga hesabu

Jedwali la Excel linatosha. Safu kwa kila mwenzi: kundi, jinsia, Katz ya mwanzo na ya mwisho, Zarit tatu, PHQ-9 tatu, vikao alivyohudhuria.

Linganisha mabadiliko ya makundi mawili, usilinganishe alama za mwisho peke yake. Mfano wa kufikirika: kundi la sasa limetoka 46 hadi 43, la kusubiri 45 hadi 51. La kwanza limeshuka 3, la pili limepanda 6. Tofauti ni 9, na hiyo ndiyo kazi ya programu. Aliyetazama kundi la kwanza tu angeona 3 na kukata tamaa.

Kila mtu abaki kwenye kundi alilopewa na kura, hata kama alihudhuria mara moja.

Kisha mtazame mmoja mmoja. Si kila kushuka ni nafuu, maana dodoso lenyewe hutikisika. Chukua mchepuko sanifu wa alama za mwanzo, tuseme 15, na uthabiti wa dodoso (kiasi gani hutoa jibu lile lile hali isipobadilika), tuseme 0.9. Toa 0.9 kwenye 1, upate 0.1. Kipeuo chake cha pili ni 0.316. Zidisha kwa 15, upate 4.7, zidisha kwa 1.41, upate 6.7, zidisha kwa 1.96, upate takriban 13. Kwa namba hizi, mtu aliyeshuka pointi 5 huwezi kumhesabu kuwa amepata nafuu, ila aliyeshuka 14 unaweza. Ripoti wangapi wamevuka mpaka huo kwa kushuka na wangapi kwa kupanda.

Usitumie ngazi za Zarit (0–20, 21–40, 41–60, 61–88) kama kipimo cha mafanikio. Aliyetoka 41 hadi 40 amebadili ngazi, usiku wake haujabadilika.

Gharama. Jumlisha posho, ukumbi, chai, nauli na mtu wa kubaki nyumbani. Kama jumla ni shilingi 6,480,000 na waliosajiliwa ni 24, kila mmoja amegharimu 270,000. Kama waliomaliza ni 18, kila aliyemaliza amegharimu 360,000. Toa namba zote mbili.

## Hatua ya 9: Elewa namba zinazopingana

Mzigo umeshuka, sonona iko palepale: hutokea sana. Mwenzi amejifunza namna ya kumwogesha mgonjwa bila ugomvi, ila bado anaomboleza mtu aliye hai mbele yake. Vikao vilifundisha mikono. Huzuni inahitaji mshauri.

Alama zimepanda katikati ya programu: huenda ameacha kuficha. Angalia kipimo cha miezi sita kabla ya kuhukumu.

Wameridhika wote, hakuna kilichobadilika: kikundi kinapendwa kwa kuwa ndiyo saa pekee ya kutoka nyumbani. Hilo ni jambo kubwa, lipime kama pumziko na uliite hivyo.

Namba hazitakueleza kwa nini, kwa hiyo hoji kwa kina watu saba au wanane: wawili waliopata nafuu zaidi, wawili waliozidi kuelemewa, wawili walioacha, na mume mmoja au wawili. Waulize walichojaribu nyumbani wiki ile, kilichokubali na kilichokataa. Walioacha ndio watakaokufundisha zaidi, na ndio ambao ripoti nyingi hazijawahi kuzungumza nao.

## Hatua ya 10: Rudisha matokeo, kisha fanya uamuzi

Wenzi wenyewe wasikie kwanza, kwa mdomo, kabla ya mfadhili. Wataje kipi kimekosewa kueleweka. Hakikisha hakuna mfano unaoweza kumtambulisha mtu: katika kikundi cha 20, "mume mwalimu mstaafu" ni jina tayari.

Kwenye ripoti weka ukurasa mmoja wenye swali la Hatua ya 1, tofauti ya makundi, walioacha na sababu zao, vifo, na gharama. Madhara yaandikwe hata kama ni mtu mmoja.

Uamuzi ufuate sababu za kuacha kabla ya kufuata wastani. Kama wengi walioacha walikosa mtu wa kubaki na mgonjwa, fedha za mzunguko ujao ziende huko kwanza, kabla ya kuongeza kikao hata kimoja. Kama wamebaki lakini usingizi haujabadilika, badilisha kinachofundishwa kuhusu usiku, na ukipime tena kwa dodoso lile lile.

Kaunta buku ya majina ichomwe au isagwe kwenye tarehe mliyoahidi katika fomu ya ridhaa.